Wajukuu Zangu, Mkifika Taüll

Wajukuu zangu,

Mama zenu wamenieleza kuwa likizo hii mnakwenda Barcelona, na kwamba mmeshapanga kuona uwanja wa mpira, bahari na lile kanisa kubwa la Gaudí. Nendeni, muone. Lakini nawaomba mtenge siku mbili, tatu zikipatikana, mpande milima ya Pyrenees mpaka bonde la Boí. Ni safari ya saa nne hivi kwa gari. Mtakuta vijiji vidogo kando ya mto Noguera de Tor, na katika vijiji hivyo makanisa tisa ya kale ambayo UNESCO iliyaingiza mwaka 2000 katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mawili kati yake yamo katika kijiji kimoja tu, Taüll, karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari: Sant Climent pembezoni, na Santa Maria katikati ya nyumba za watu.

Najua mtauliza: babu, wewe Mwislamu wa Kizimkazi, kanisa la mlimani la nini? Msikiti wetu wa Dimbani, hapa Kizimkazi, Unguja, ambao mlikuwa mkicheza karibu nao mlipokuwa wadogo, una maandishi ya Kikufi yaliyochongwa kwenye kibla, na tarehe yake ni mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Sant Climent iliwekwa wakfu na askofu Ramon tarehe 10 Desemba 1123, na Santa Maria kesho yake. Miaka 16 tu imetenganisha kazi hizo. Watu wa Kizimkazi na watu wa Taüll hawakujuana kabisa, lakini wote walikuwa watu wa kijijini waliotaka pahala pa kumwabudu Mungu pawe pazuri kuliko nyumba wanazolala wenyewe. Mtoto aliyekua akiitazama mihrabu ile hana sababu ya kuwa mgeni mbele ya kuta za Taüll.

Basi nisikilizeni namna ya kuingia Sant Climent.

Msikimbilie mlango. Zungukeni nje kwanza, taratibu, mkiangalia mawe. Mtindo huu unaitwa Romaneski, na mafundi wake walifuata kazi ya wajenzi wa Lombardia, kaskazini mwa Italia, iliyosambaa milimani huko karne ya 11 na ya 12. Mawe yamechongwa madogo madogo na kupangwa kwa safu. Juu ya ukuta mtaona vitao vidogo visivyopenya, vimefuatana kama pindo la kanzu, na hayo ndiyo mapambo yote ya nje. Kisha inueni macho muutazame mnara wa kengele. Una ghorofa sita juu ya kitako chake, na madirisha yake yanaongezeka upana kadiri unavyopanda, ili uzito upungue juu na ukuta wa chini ubebe. Mnara huo unaonana na mnara wa Erill la Vall ulio ng'ambo ya bonde. Katika bonde ambalo theluji hufunga njia, mnara unaoonekana kutoka kijiji cha pili ulikuwa na faida zaidi ya kuita watu kwenye ibada.

Mkiingia, kofia mvueni, sauti mzishushe, na simu zikae mfukoni mpaka nitakapowaambia. Kaeni kwenye benchi. Macho yanahitaji muda kuzoea giza la jengo lenye madirisha membamba, na kijana wa leo hana subira ya kuyapa macho muda huo. Ndani ni ukumbi wa njia tatu zilizogawanywa na nguzo nene za duara, paa la mbao juu, na upande wa mashariki kuta tatu zilizopinda, ya katikati ikiwa kubwa. Hiyo ya katikati ndiyo mliyoijia. Mtakapoitazama mtaona ukuta mweupe na vipande vichache vya rangi vilivyobaki.

Hapo wageni wengi hukata tamaa, wakasubiri projekta. Maana tangu mwaka 2013 kuna mitambo inayomulika juu ya ukuta huo picha ya michoro ilivyokuwa mwaka 1123, hatua kwa hatua, mstari kwa mstari, mpaka ukuta wote ukajaa rangi. Ni kazi nzuri sana, nami naiheshimu. Lakini nataka mkae kwanza na ukuta ulio mtupu. Kaeni nao mpaka mjiulize wenyewe: rangi zimekwenda wapi, na nani alizichukua? Nitawajibu, ila kwanza mjue kilichokuwapo.

Mnakumbuka fundi alipokuja kupaka chokaa nyumba ya bibi yenu? Matumbawe yanachomwa, yanakuwa chokaa hai, inazimwa kwa maji, halafu inakaa. Huko milimani walichoma mawe ya chokaa badala ya matumbawe, lakini mambo ni yale yale. Chokaa iliyopakwa ukutani huvuta hewa ukaa kidogo kidogo na kurudi kuwa jiwe. Mchoraji wa fresko huweka rangi yake wakati lipu bado ni mbichi, na inapogeuka jiwe, rangi inafungwa ndani yake. Hivyo hana nafasi ya kusitasita. Lipu hupigwa kiasi kile atakachoweza kukimaliza kabla hakijakauka, jukwaa linashushwa, kinapigwa kipande kingine. Mambo madogo ya mwisho huongezwa juu ya ukuta uliokwisha kukauka, na hayo ndiyo hutangulia kupotea. Rangi zenyewe zilitoka ardhini: wekundu na manjano ya udongo wenye chuma, weupe wa chokaa, weusi wa mkaa. Na ile buluu iliyowashangaza watafiti haikutoka mbali. Ni madini yaitwayo aerinaiti, yanayopatikana huko huko Pyrenees. Bwana aliyechora Sant Climent hakuacha jina lake, na wataalamu wamemwita tu Fundi wa Taüll. Alijua miamba ya nchi ile ilivyo, ama alikuwa na mtu wa kumwonyesha.

Na alichora nini? Juu, katika nusu kuba, Yesu, ambaye sisi twamwita Nabii Isa, amekaa ndani ya umbo la lozi lenye ncha mbili, miguu yake ikifika kwenye mviringo wa chini, mkono wa kulia umeinuliwa kubariki. Wa kushoto umeshika kitabu kilichofunguliwa chenye maneno ya Kilatini yanayomtaja kuwa nuru ya ulimwengu. Kando yake zimening'inia herufi mbili za Kigiriki, ya kwanza na ya mwisho. Uso ni mrefu, nyusi zimeungana na pua kwa mstari mmoja, nywele zimegawanyika sawasawa huku na huku. Msitafute humo sura ya mtu mliyekutana naye barabarani. Mchoraji hakukusudia hivyo, na anayelalamika kuwa wachoraji wa zamani hawakujua kuchora mwili hajatazama jinsi mikunjo ya vazi ilivyopangwa. Kila mkunjo una vivuli vyake vilivyofuatana kutoka chepesi hadi kizito, na mikunjo yote inavuta jicho kwenye ule mkono na ule uso.

Chini yake wamesimama mitume, na miongoni mwao Bibi Mariamu, ameshika bakuli linalotoa miali myekundu. Mkono wake umefunikwa na vazi ili ngozi isiguse kitu kitukufu. Adabu hiyo mnaijua, maana ndivyo mlivyofundishwa kuushika msahafu.

Sasa tazameni kwenye tao lililo mbele, sehemu ambayo wageni wengi huipita. Kuna mkono wa Mungu katika duara jeupe, peke yake, unatoka mbinguni. Kuna mwanakondoo mwenye macho saba. Na chini, karibu na usawa wa watu, kuna Lazaro maskini, amelala mlangoni kwa tajiri, vidonda mwili mzima, na mbwa anamlamba mguu. Mimi mchoro huo naupenda kuliko yote. Mtu wa Taüll mwaka 1123 alikuwa mchungaji au mkulima wa shayiri. Hakusoma Kilatini. Herufi za Kigiriki hazikumwambia kitu. Lakini njaa aliijua, mlango uliofungwa aliujua, na mbwa alimjua. Fundi yule angeweza kujaza enzi na malaika kila mahali. Akamweka maskini mahali ambapo maskini wenzake wangemwona bila kuinua shingo.

Katika Santa Maria, kijijini, kulikuwa na Bikira na mtoto wake kwenye enzi, mamajusi wakileta zawadi, na ukutani Daudi akimkata kichwa Jaluti. Katika kanisa la Sant Joan, kijiji cha Boí, walichorwa watu wakimpiga Stefano kwa mawe, na pia watu wa michezo wakionyesha ufundi wao. Someni hayo mkiwa njiani, nisije nikawachosha.

Kuna jambo moja sitalificha, kwa kuwa ninyi ni Waislamu na mtaambiwa na wengine. Bonde maskini halikujenga makanisa mengi mazuri kiasi hiki, kwa haraka kiasi hiki, kwa jasho la kondoo peke yake. Watafiti wengi wanaona fedha ilitoka kwa mabwana wa Erill, waliokwenda vitani pamoja na mfalme Alfonso wa Aragon, aliyeitwa Mpiganaji, dhidi ya miji ya Waislamu kusini. Zaragoza ilianguka mikononi mwake mwaka 1118. Miaka mitano baadaye Taüll ina makanisa mawili mapya. Kwa hiyo katika lipu ile mna fedha ya vita, na waliopoteza vita hivyo waliswali kama mnavyoswali. Nimelifikiria sana jambo hili. Sioni kwamba linaniamuru nichukie ukuta. Mchoraji alikuwa mtu wa kazi, mchungaji aliyesali pale hakupiga mtu upanga, na Lazaro bado yuko mlangoni. Lakini sioni pia kwamba linaniruhusu nisahau. Mwenye akili anaweza kubeba yote mawili, na nataka ninyi muwe watu wa namna hiyo, hasa mkiwa ugenini ambako kila upande utataka mchague kimoja.

Sasa, rangi zimekwenda wapi.

Mwaka 1907 msafara wa wasomi kutoka Barcelona, ukiongozwa na Josep Puig i Cadafalch, ulipanda kwenye mabonde haya kupima na kupiga picha makanisa ambayo watu wa mjini hawakuwa wakiyajua. Ukarudi na habari, na habari njema husafiri mpaka kwa wafanyabiashara. Mwaka 1919 michoro ya kanisa la Santa Maria de Mur, kusini zaidi, iliuzwa. Mafundi wa Kiitaliano waliibandua ukutani, ikatolewa nchini, na mwaka 1921 ikaishia katika jumba la makumbusho la Boston, Marekani. Iko huko mpaka leo. Wenye mamlaka ya makumbusho Barcelona, Joaquim Folch i Torres akiwa mbele, waliona kwamba Taüll ndiyo itakayofuata. Wakaamua kuwahi. Waliinunua michoro ya bonde la Boí wao wenyewe, wakawaajiri mafundi wale wale wa Kiitaliano, na kati ya 1919 na 1923 kuta zikavuliwa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kitambaa cha pamba kinalowekwa gundi iliyochemshwa kutoka kwa wanyama, kinabandikwa juu ya mchoro. Gundi inapokauka inajikunja na kushika tabaka la rangi kwa nguvu kuliko chokaa inavyolishika. Fundi anavuta polepole kutoka pembeni, na rangi inatoka na kitambaa, nyembamba kama ngozi. Inakunjwa kuwa marobota, inapakiwa juu ya baghala, inashuka bondeni. Mjini wanaibandika kwenye kitambaa kipya kwa upande wa nyuma, wanaondoa kile cha kwanza kwa maji ya moto, na kuitandika juu ya umbo la mbao lililopindwa mfano wa ukuta ulioachwa.

Je, walifanya vyema? Watu wa vijiji walibaki na kuta tupu, na wapo waliolia. Lakini bila hivyo michoro ya Sant Climent ingekuwa leo ng'ambo ya bahari, na yamkini vipande vyake vimegawanywa. Halafu mwaka 1936, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza Hispania, makanisa mengi yalichomwa moto. Hukumu yangu ni kwamba Folch i Torres alichagua dhara dogo, na alichagua katika saa ambayo kutochagua kulikuwa dhara kubwa. Nasema hivyo nikijua kwamba dhara dogo nalo lina mwenyewe anayeumia. Sisi pwani tunalijua hilo: vigango vya Wamijikenda, zile nguzo za mbao za kuwakumbuka wafu, viling'olewa vijijini vikauzwa Marekani, na vilivyorudishwa baadaye vimerudi baada ya madai ya miaka mingi. Waliong'oa vigango hawakuwa wakiviokoa na kitu. Hiyo ndiyo tofauti ninayotaka muijue kuipima kila mnapokuta kitu kitakatifu ndani ya kabati la kioo: kiliondolewa na nani, kikikimbizwa nini, na waliobaki walipewa nini?

Wala msidhani habari hizi zimekwisha. Katika monasteri ya Sigena, Aragon, ukumbi uliochorwa karibu mwaka 1200 uliungua mwaka 1936. Michoro iliyosalimika, imebabuka kwa moto, ilibanduliwa mwaka huo huo ikapelekwa Barcelona. Aragon wakaidai mahakamani kwa miaka. Mei 2025 Mahakama ya Juu ya Hispania iliamuru irudishwe, na makumbusho yakajibu kwamba ni dhaifu mno kusafirishwa. Mkifika Barcelona ulizeni imefikia wapi, na sikilizeni sauti ya anayewajibu.

Kwa hiyo mpango wangu ni huu. Bondeni kwanza, makumbusho baadaye. Anayeanza na makumbusho ya sanaa ya taifa pale mlima wa Montjuïc huiona picha kama picha, kisha akifika Taüll anaona ukuta kama ganda. Anayeanza na Taüll hubeba kichwani upana wa ule ukumbi, kimo cha dirisha, baridi ya mawe, na mahali jua linapoingilia asubuhi, kisha anapokutana na rangi zenyewe mjini anajua pa kuzirudisha. Mkiwa Montjuïc simameni mbele ya kuba ya Sant Climent, kisha zungukeni nyuma yake. Mtaona mbao na misumari iliyoishika. Msione aibu kutazama nyuma. Huko ndiko makumbusho yanakosema ukweli wake.

Simu? Toeni mwishoni, pigeni moja mbili, bila mwanga. Kuta msiziguse hata kwa ncha ya kidole. Jasho la mkono lina chumvi. Na mkikuta watu wa kijiji wanasali, tokeni au kaeni nyuma kimya. Wao hawako kwenye maonyesho. Nunueni jibini kwa mwanakijiji, mpeni salamu kabla ya kumuuliza bei.

Limebaki jambo la michongo, nami nimeliweka mwisho makusudi kwa sababu sijamaliza nalo. Katika kanisa la Santa Eulàlia, kule Erill la Vall, msafara wa 1907 ulikuta sanamu za mbao za karne ya 12: watu wanamshusha Yesu kutoka msalabani. Ni saba. Yesu mwenyewe, mikono imelegea. Yusufu wa Arimathaya na Nikodemo wanaomshusha. Wezi wawili kila mmoja na msalaba wake. Mama yake Mariamu, na Yohana. Miili ni mirefu, myembamba, bila madoido, na huzuni imechongwa katika mainamo ya vichwa peke yake. Ndani ya kanisa leo mtakuta nakala. Za asili zimegawanyika: tano ziko katika makumbusho ya askofu mjini Vic, na mbili, mama na Yohana, ziko Barcelona. Kwa hiyo mama yuko mji mmoja na mwanawe yuko mji mwingine, na safari ya treni kati yao haifiki saa mbili.

Sisi Waislamu habari ya msalaba hatuisemi kama wanavyoisema wao, mnajua. Lakini hao saba walichongwa kwa ajili ya kukaa pamoja, kila mkono ukielekea mkono mwingine, na mchongaji alipima nafasi kati yao. Pitieni Vic mkirudi. Wahesabuni watano, kisha nendeni Montjuïc mkawaone wawili, mkikumbuka zile nakala mlizoziona Erill zikiwa zimesimama pamoja. Halafu niandikieni, kila mmoja peke yake bila kushauriana: lau ingekuwa juu yenu, mngewaweka wapi, Vic, Barcelona, au mngewapandisha tena bondeni?

Babu yenu